Kujiamini hakutangulii kazi

Semina za uhamasishaji zina mpangilio wake, na aliyewahi kukaa kwenye moja anaujua. Kwanza unaambiwa ujiamini. Ukishajiamini, uthubutu kubuni jambo jipya. Ukishabuni, uvumilie mpaka matunda yaonekane. Ukumbi unapiga makofi, watu wanaandika kwenye madaftari, na Jumatatu asubuhi kila mtu anarudi kazini akiwa yuleyule wa Ijumaa, isipokuwa mfukoni pamepungua kiingilio.

Siwabezi wahamasishaji. Wengine ni wasemaji hodari, na siku mtu amevunjika moyo neno zuri si kitu cha kudharau. Shida iko kwenye mpangilio. Ukisoma yaliyochunguzwa na wanasaikolojia kwa miaka hamsini na ushei, halafu ukatazama maisha ya watu wetu waliobuni mambo makubwa bila kuhudhuria semina yoyote, utaona mambo huenda kinyume. Mtu hufanya kwanza, tena kidogo, tena vibaya. Huvumilia pale anapokuwa na sababu ya kuvumilia. Ubunifu humjia katikati ya kurudiarudia kazi ileile. Imani juu ya uwezo wake huja nyuma ya hayo yote, ikihema.

Watu wanachanganyikiwa kwa haki, maana nasaha hizi tatu zikitolewa kwa pamoja zinagombana. Mchukue kijana anayejifunza ushonaji kwa fundi. Subira inamwambia atii, akate kama alivyoelekezwa, hata mwaka ukipita. Ubunifu unamwambia ajaribu mshono wake mwenyewe. Kujiamini kunamwambia asimsikilize anayesema hawezi, na anayesema hivyo mara nyingi ni fundi mwenyewe, na mara nyingi fundi yuko sahihi, kwa sababu mkono wa gauni alioushona kijana umevutika na mteja anakuja saa kumi. Afuate lipi?

Kulifumbua fundo hili inabidi kila moja liangaliwe peke yake kwanza, maana yote matatu yana sifa yasizostahili na yana siri ambazo hatuzitaji.

Imani ya kazi gani?

Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha kwa miongo mingi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha makala mwaka 1977 ambayo bado inasomwa. Ndani yake kuna jambo ambalo ukishalisikia unashangaa kwa nini hukuliona mwenyewe: imani ya mtu juu ya uwezo wake haiko kwa ujumla, iko kwa kazi fulani. Mama anayepika pilau la watu 200 huku akipiga soga anaweza kushindwa kabisa kushika kipaza sauti kwenye harusi hiyohiyo. Dereva wa bodaboda anayepenya Kariakoo saa kumi na moja jioni anaweza kutokwa jasho mbele ya karani wa benki. Kumwambia mtu "jiamini" na kuishia hapo ni sawa na kumwambia "fika" bila kumtajia mahali.

Bandura alieleza imani hiyo inatoka wapi. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni kuwa umewahi kuifanya kazi yenyewe na ikakubali, hata kwa kiasi. Kinachofuata ni kumwona mtu wa aina yako, si malaika, akiifanya. Kisha kuna kuambiwa na mtu kwamba unaweza, na mwisho kuna namna unavyousoma mwili wako: moyo ukienda mbio kabla ya usaili, unaweza kusema "naogopa, basi siwezi," au ukasema "mwili umeshajiandaa." Semina inakupa hicho cha tatu peke yake, tena kutoka kwa mtu asiyekujua jina. Si ajabu kwamba hakikai.

Chanzo cha kwanza ndicho kinachoeleza maisha ya Siti binti Saad kuliko hadithi ya kipaji cha kuzaliwa nacho. Alizaliwa Fumba, Unguja, kama mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Kwao walikuwa wafinyanzi, naye akawa anabeba vyungu kwenda kuviuza, akivinadi kwa sauti njiani. Kabla hajawa mwimbaji wa taarabu, sauti yake ilikuwa tayari imefanya kazi ya kumlisha kwa miaka. Alipohamia mjini mwaka 1911 hakuwa bingwa. Alifundishwa kuimba na Ali Muhsin, aliyekuwa mwanamuziki wa taarabu, na akajifunza hatua kwa hatua. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Wenye wivu walimtungia mashairi ya kumkumbusha kwamba alitoka shamba na kaniki, na kwamba sura hana. Aliwajibu kwa wimbo. Angalia silaha aliyoichukua: hakusema anajiamini, alitoa kazi. Na aliweza kuitoa kwa sababu ilikuwapo, imekwishapikwa miaka mingi.

Baada yake, chanzo cha pili kikaanza kufanya kazi kwa wengine. Msichana wa Unguja aliyetaka kuimba mbele ya watu sasa alikuwa ameona kuwa inawezekana. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa mmoja wa waliokua wakimsikiliza Siti.

Kuhusu kusifiwa kuna jambo la kuwaambia wazazi na walimu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa Marekani wa umri wa kama miaka kumi. Watoto walifanya mafumbo, wakasifiwa: baadhi waliambiwa wana akili, wengine waliambiwa wamejitahidi. Kisha wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda. Waliporudishiwa mafumbo ya kiwango cha mwanzo, waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko walivyofanya mara ya kwanza, na wengi zaidi kati yao walidanganya kuhusu alama walizopata. Mantiki yake haina utata. Kama nilifaulu kwa sababu nina akili, basi nikishindwa maana yake ni nini? Mtoto anayesikia mbele ya wageni kwamba "huyu ana kipaji, huyu" amekabidhiwa hazina ambayo hajui aliipataje, na kwa hiyo hajui ataitetea vipi.

Nisiongeze chumvi lakini. Kutokana na kazi ya Dweck kumezuka biashara nzima ya kufundisha "mtazamo wa kukua," yaani imani kwamba uwezo wa mtu huongezeka kwa juhudi, na uchunguzi mkubwa wa shule za Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa somo fupi la aina hiyo huwasaidia wanafunzi wenye alama za chini, ila kwa kiasi kidogo. Maneno yanasaidia kidogo. Kazi iliyokamilika inasaidia zaidi.

Na kuna imani isiyotokana na kitu. Mwaka 1999 David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapima wanafunzi kwa mantiki, sarufi na ucheshi; hata waliofanya vibaya kuliko wote walijikadiria kuwa juu ya wastani. Ujuzi unaohitajika kuifanya kazi vizuri ndio uleule unaohitajika kutambua kwamba umeifanya vibaya. Kwa hiyo kijana wa cherehani anayeanza kuona makosa ya mishono yake, na kuhuzunika, amepiga hatua. Mashaka yake ni dalili kwamba jicho limeanza kuona.

Subira na uaminifu wa wengine

Kwenye subira ndipo tumedanganywa zaidi, kwa sababu methali zetu zimeisifu mpaka tukaacha kuuliza inatoka wapi. "Mvumilivu hula mbivu" ni kweli, ikiwa mti ni wako na hakuna anayekuja usiku kuchuma.

Jaribio mashuhuri kuliko yote kuhusu subira lilianzia kwenye shule ya chekechea ya Stanford mwishoni mwa miaka ya 1960. Walter Mischel na wenzake walimwacha mtoto chumbani na kitamutamu kimoja, wakamwambia akisubiri mpaka mtu mzima arudi atapata viwili. Miaka baadaye waliwafuatilia watoto hao na kukuta kwamba waliosubiri zaidi walielekea kufanya vizuri zaidi shuleni. Habari zikaenea dunia nzima kwamba mtoto mwenye subira amezaliwa na mafanikio, na asiye nayo pole yake.

Kisha hadithi ikaanza kufumuka. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake, wakiwa Chuo Kikuu cha Rochester, waliongeza hatua moja kabla ya jaribio. Mtu mzima alimwahidi mtoto vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Kwa watoto nusu alivileta. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu akiomba radhi. Ndipo wakaletewa kitamutamu. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika 3. Walikuwa watoto 28 tu, si wengi, lakini tofauti ni kubwa na inasema jambo ambalo yeyote aliyelelewa kwenye nyumba ya watoto wengi analijua: mahali ambapo kinachoachwa sahani kinaliwa na mwingine, anayekula haraka ana akili. Mwaka 2018 watafiti wengine, Tyler Watts na wenzake, walirudia ufuatiliaji kwa kundi kubwa zaidi, na uhusiano kati ya kusubiri na alama za baadaye ukapungua sana mara tu hali ya nyumbani ilipowekwa kwenye hesabu.

Uchunguzi ninaoupenda zaidi ni wa Kameruni. Bettina Lamm na wenzake waliwalinganisha watoto wa miaka minne wa Kijerumani na watoto wa wakulima wa Kinso, kabila la huko Kameruni. Kitamutamu cha huko kilikuwa andazi dogo la mtaani. Kama asilimia 70 ya watoto wa Kinso walisubiri dakika zote 10. Kwa watoto wa Kijerumani hawakufika asilimia 30. Wajerumani wadogo waliimba, waliviringika, walizunguka chumba. Wanso walikaa tu. Watafiti walilihusisha hilo na malezi: mama wa Kinso humfundisha mtoto mapema kutulia na kuwasikiliza wakubwa. Kwa hiyo subira hufunzwa, na sisi Afrika hatuna cha kuonea haya kwenye darasa hilo. Ila panabaki swali, nami sina haraka ya kulifunga: mtoto aliyefundishwa kutulia vizuri kiasi hicho, anafundishwa lini kugusa kitu kabla ya kuruhusiwa?

Ukitaka kuiona subira ya watu wazima ikifanya kazi, tazama mchezo wa kupokezana fedha, upatu. Wanawake kumi na wawili wanachanga kila mwezi, na mmoja kati yao atapokea mwezi wa kumi na mbili. Huyo anavumilia mwaka mzima huku wenzake wakinunua friji. Amepata wapi moyo huo? Hakuusomea. Anamjua kijumbe anayekusanya michango, anajua nyumba yake, na ameona mwezi baada ya mwezi kwamba fedha inafika kwa mwenyewe. Ahadi zinazotimizwa machoni pa watu ndizo zinazomvumilisha. Mpeleke mama huyohuyo kwenye kikundi ambacho kijumbe amewahi kutoroka, uone kama atakubali kukaa hata wa tatu.

Sasa mrudie kijana wa cherehani anayelaumiwa kwamba vijana wa siku hizi hawana subira. Inawezekana ni mvivu, wavivu wapo. Lakini uliza kwanza fundi anampa nini. Kuna mafundi wanaomfundisha mwanafunzi kwa mpangilio unaoonekana: mwezi huu kuendesha mashine na kufunga pindo, mwezi ujao kupima na kukata, kisha kola, kisha suti. Na kuna mafundi wanaomweka mtu miaka miwili akifagia vipande, kupiga pasi na kufuata chai, na kila ikifika zamu ya kukata kitambaa anatumwa dukani, asije akaujua ufundi akafungua kibanda pembeni. Kijana wa kwanza atakaa. Wa pili ataondoka, na amefanya hesabu sahihi.

Mtu pia hujivunjia ahadi mwenyewe, na athari yake ni ileile. Anayejiambia kila Jumapili usiku kwamba kuanzia kesho ataamka saa kumi alfajiri aandike kwa muda wa saa mbili, halafu haamki, anajifunza kitu kila Jumatatu: kwamba neno lake halina uzito. Ndiyo maana ahadi ndogo ni bora. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha London, UCL, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 96 waliojichagulia jambo moja dogo la kila siku, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana. Ilichukua wastani wa siku 66 mpaka jambo likawa la kujiendea, lakini kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa pana sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo zile "siku 21 za kubadili maisha" zinazouzwa mtandaoni zisikutishe. Tena kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Picha za rangi ya baiskeli

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanganyika. Shule aliyoipata ilikuwa kidogo. Alipitia mashamba ya mkonge Tanga, akaingia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na bustani, akahangaika na vibarua vya hapa na pale kama wahamiaji wengi wa mjini. Ilipofika mwaka 1968, akiwa na miaka kama 36, ndipo alipoanza kuchora picha za kuuza. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya ubao mwembamba, ule wa kufunikia dari, vya mraba wa kama futi mbili kwa mbili, na rangi ya baiskeli, ile ya mafuta inayong'aa. Picha ziliuzwa Oysterbay, kwenye maduka ya Morogoro Stores, chini ya mbuyu, mahali wageni waliokaa maeneo hayo walikokuja kununua mboga na matunda.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo ubunifu unapoonekana ulivyo, tofauti na tunavyouhubiri. Tunasema mbunifu ni mtu wa mawazo yasiyo na mipaka. Tingatinga alikuwa na mipaka kila upande. Ubao ni mdogo, kwa hiyo mnyama mmoja anaujaza: chui, ndege, tembo, amesimama katikati, nyuma yake rangi moja. Rangi ya baiskeli hainyumbuliki kama rangi ya maji. Haikupi vivuli laini, inakupa rangi kali na mstari uliokatika wazi. Basi picha zikawa za rangi kali na mistari iliyokatika wazi, na leo mtu anazitambua akiwa upande wa pili wa barabara. Umbo hilo lilitoka kwenye mkono, kopo na kipande cha ubao.

Wala hakuanzia kwenye utupu. Kusini alikotoka watu walikuwa na desturi ya kupamba kuta za nyumba, na Dar es Salaam ya miaka hiyo ilikuwa na picha kutoka Kongo zikiuzwa mitaani. Aliunganisha vilivyokuwapo kwa namna ambayo haikuwapo.

Rangi hiyo ina tabia nyingine inayohusu makala haya. Haikauki haraka. Mchoraji anapaka usuli wote kwanza, anauacha ukauke, ndipo anamweka mnyama juu yake. Madoa na manyoya yanafuata baadaye. Ukiharakisha, rangi zinaingiana na picha inaharibika. Subira ya mchoraji wa Tingatinga, basi, inadaiwa na kopo la rangi, na anayeikosa anaona hasara siku hiyohiyo. Kazi nyingi za mikono zina mwalimu wa namna hii ndani yake. Unga wa maandazi usioumuka hautaki nasaha, unakuonyesha.

Graham Wallas, msomi wa Uingereza, aliandika mwaka 1926 kwamba wazo jipya hupita kwenye maandalizi, kisha kipindi cha kuliacha, kisha kumulikiwa ghafla, halafu kulihakiki. Mgawanyo huo ni nadhifu kuliko maisha yalivyo, lakini kile kipindi cha kuliacha kinastahili kutetewa. Mtu aliyekwama kwenye ubeti, hesabu au mshono, akaenda kuteka maji, mara nyingi jibu humkuta kisimani. Sharti ni kwamba awe amehangaika nalo kwanza. Anayeanza kwa kupumzika hupata usingizi tu.

Tingatinga aliwafundisha jamaa zake, akina Ajaba Abdallah, January Linda na Kasper Tedo, kwa kuwaweka kando yake wakichora alichochora. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliodhani wanamfuata mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka kama minne tu. Wanafunzi wake waliendelea, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika kilichobeba jina lake.

Wakosoaji husema kwamba yaliyofuata ni kunakili: simba yuleyule, twiga yuleyule, kwa ajili ya watalii. Kuna ukweli ndani yake, nenda sokoni ujionee. Lakini sikubaliani na dhana kwamba kunakili ni adui wa ubunifu. Aliyemchora tembo mara mia anajua mstari upi hauguswi na upi unaweza kusogezwa. Asiyewahi kunakili hata kimoja husogeza yote kwa pamoja, akatupa picha, akasema hana kipaji. Kutokana na kunakili huko walitokea wachoraji waliojaza ubao kwa mashetani, kwa hospitali zenye foleni, kwa vijiji vyenye watu mamia, mambo ambayo mwalimu wao aliyejaza ubao kwa mnyama mmoja hakuyazoea. Dean Keith Simonton, aliyechunguza kwa miaka mingi maisha ya wanasayansi, watunzi na wasanii, anasema kwamba wenye kazi nyingi bora kwa kawaida ndio pia wenye kazi nyingi mbovu. Wanatengeneza nyingi. Sisi tunaziona zilizobaki ukutani.

Ndiyo maana ningemshauri mzazi atunze karatasi zilizoharibika kuliko atunze vyeti. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichukua watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Wengine hawakuahidiwa kitu. Wiki chache baadaye, karatasi na kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, waliokuwa wameahidiwa cheti walichora kwa kama nusu ya muda wa wenzao. Mchezo ulikuwa umegeuzwa kibarua, na kibarua kisicho na malipo hakifanywi. Fikiria sasa mtu mzima anayepika, anayeimba au anayeshona huku kila kazi ikisubiri kuhesabiwa moyo mwekundu kwenye simu kabla hata haijapoa.

Ikirudi nyumbani

Kwa mtu mwenye kazi, watoto na foleni, haya yote yanaangukia kwenye jambo dogo sana kuliko semina inavyoahidi: chagua kazi ndogo inayoweza kukamilika, katika vipimo visivyobadilika, uirudie mpaka uichoke kidogo, kisha sogeza kitu kimoja. Anayeoka keki za kuuza mtaani asianze na keki ya ghorofa tatu ya harusi. Aoke ileile ya kilo moja mpaka ijulikane haimdanganyi, halafu abadilishe kimoja: iliki, au maji ya machungwa badala ya maziwa. Akibadilisha vinne kwa siku moja na keki ikazama, hajui kilichoizamisha, na imani yake inapungua bila kujifunza lolote.

Amwonyeshe mtu anayejua. Mmoja anatosha, na asiwe mama yake, ambaye atasifu, wala jirani mshindani. Awe mtu anayeweza kusema "oveni yako ina moto juu kuliko chini." Sentensi kama hiyo inampa kitu cha kufanya kesho, na kitu cha kufanya kesho ndicho kinachozaa chanzo cha kwanza cha Bandura.

Lini aache? Hapa methali hazitusaidii sana, maana zinasifu kubaki. Mimi hutazama kama kazi inabadilika. Kama keki za mwezi huu hazitofautiani kwa lolote na za mwezi kama huu mwaka jana, na hakuna aliyemwongezea ujuzi, hapo subira imeshageuka mazoea. Abadili mwalimu kwanza, au aongeze ugumu, kabla ya kuitupa kazi yenyewe.

Na asiache kibarua kinacholipa kodi ya nyumba ili kuthibitisha kwamba anajiamini, ushauri ambao nimeusikia ukumbini na haukunifurahisha. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na sista Jean Pruitt mwaka 1972, ilimwajiri Mmakonde mmoja kutoka kusini aitwaye George Lilanga kama mlinzi. Alilinda, na alichora. Kazi zake zilionwa na watu wa pale kwa sababu alikuwa pale kila siku, na mwaka 1978 zilionyeshwa Washington. Tingatinga naye, picha zake zilipokuwa zimeshaanza kununuliwa Oysterbay, alikuwa ameajiriwa hospitali ya Muhimbili kama mhudumu.